Lango la Saba

Kila asubuhi, kabla ya chai, nashuka ngazi ishirini na tatu
zilizovaa barafu, hadi kwenye rula ya chuma
iliyopigiliwa ukutani mwa mfereji.
Naandika tarakimu mbili. Napiga simu.
Ng'ambo ya mpaka, kule Uzbekistani, Ergash anaandika zilezile
kwenye daftari la serikali nyingine.
Hatujawahi kugombana.
Tarakimu hazina pasipoti.

Sisi Wakirigizi tuko juu, tuna maji.
Wao wako bondeni, wana makaa, wana jua.
Baridi ikiuma, sisi twataka kufungua,
mitambo izunguke, taa ziwake.
Joto likipanda, wao ndio wenye kiu,
wao na pamba yao na aprikoti zao.
Mto mmoja, njaa mbili, na hazijawahi kupishana vizuri.
Baba yangu alifungua lango hili kila Januari
akalaaniwa kila Julai na watu asiowajua.
Maji yakishamwagika hayazoleki.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha:
ndivyo tulivyowasema majirani,
nao, baadaye niliambiwa, ndivyo walivyotusema.

Kisha ukaja mkataba. Kurasa arubaini na moja,
ukumbi wenye bendera nyingi kuliko viti.
Mimi nilisoma ukurasa mmoja tu, unaonihusu:
Novemba hadi Machi, lango la saba lisipite alama ya themanini.
Badala yake, kila Jumanne, treni ya makaa.

Februari ile, Jumanne ilikuja bila treni.
Jumatano. Alhamisi.
Imekwama mpakani, wakasema:
muhuri ulitakiwa wa bluu, umegongwa mweusi.
Mama amelala na makoti mawili na kofia ya marehemu.
Mwanangu Ulukbek, mvuke ukimtoka kinywani ndani ya nyumba,
akaniuliza, Kwani maji si yetu?
Na jirani, mlangoni: Fungua kidogo tu, nani atajua?

Rula ingejua.
Nilishuka usiku nikashika gurudumu la lango,
chuma kikanishika nami, ngozi ikabaki pale.
Sitasema sikulizungusha.
Nililizungusha robo. Nikasikia maji yakiguna chini.
Simu ikalia mfukoni, saa nane za usiku.

Ergash hakuuliza tarakimu.
Niko kwa afisa wa forodha, akasema,
nimemtoa kitandani, anatafuta viatu.
Muhuri wa bluu uko kwenye koti lake.
Nipe mpaka alfajiri.

Nikampa. Nikairudisha ile robo.
Si kwa kuwa mimi ni mtu mwema;
niliikumbuka Julai, na baba.

Makaa yalifika saa tatu, behewa moja nusu tupu.
Mama akalalamikia moshi, nikajua atapona.
Lakini moshi ule nauona unakoelekea:
unapanda, unatua juu ya barafu ya mlima,
ile ile tunayogawana,
unaitia weusi, jua linaitafuna.
Twajipasha moto kwa kuni za dari yetu wenyewe.

Hilo nalo limo mkatabani, ukurasa wa thelathini, nimeutafuta:
paneli za jua kule bondeni,
na nyaya zipande huku kwetu badala ya treni.
Miaka mitano, wameandika.
Ergash anahesabu nguzo. Amefika mia na kumi na mbili,
ya mia na kumi na tatu imelala shimoni kando ya barabara
ikisubiri saruji, au saini.

Julai nilifungua lango wazi, mbele ya mwanangu.
Wiki mbili baadaye likaja sanduku la aprikoti,
lisilotajwa na ukurasa wowote,
limegongwa muhuri wa bluu pande zote nne.
Nusu zilikuwa zimeoza. Tulikula zilizobaki kwa siku moja.

Leo rula imeonyesha pungufu ya mwaka jana,
vidole viwili.
Nimemsomea Ergash. Akanyamaza.
Nikasikia kalamu yake.
Kisha akanirudishia tarakimu yangu, polepole,
tuwe na hakika.